Hotuba ya Katibu wa Tawi: jivu la makaa ya mawe, na kwa nini tunataka daftari la visima

*TAARIFA YA TAWI. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kujibu.*



Hii ndiyo hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa tawi Jumamosi baada ya Alasiri. Tunaituma kama ilivyosomwa kwa sababu nusu ya wanachama walikuwa baharini, na wengine walifika wakati viti vinarudishwa kwa mwenyewe. Ni ndefu, tunajua. Mwenyekiti ametuonya mara mbili kuhusu urefu wa taarifa zetu. Hii tunaomba atusamehe.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana wa tawi,

Mwezi uliopita mwanachama mmoja mtu mzima alisimama akatuuliza swali ambalo ofisi haikulijibu vizuri. Alisema hivi: jivu ni jivu. Mama yake alisugulia sufuria kwa jivu, akachanganya kunde na jivu zisiliwe na fukusi, akalimwaga shambani mahindi yakastawi. Sasa hawa watu wa mazingira wanapiga kelele kuhusu jivu la nini? Watu walicheka, nasi tukacheka, mkutano ukaendelea. Baadaye tukaona haya. Swali lile ndilo swali lenyewe, na kama tawi haliwezi kulijibu basi hatuna haki ya kumwambia mtu yeyote apinge chochote.

Jibu ni hili. Kuni ni mti. Makaa ya mawe ni mwamba unaochimbwa ardhini, na mwamba hubeba madini ndani yake: aseniki, risasi, zebaki, seleniamu, kromiamu na mengineyo, kidogo kidogo. Ukiuchoma, kinachowaka kinaondoka na moshi, madini mengi yanabaki. Kwa hiyo kile kilichokuwa kimetawanyika ndani ya shehena kubwa ya mawe sasa kimekusanyika ndani ya jivu. Katika kila tani 100 za makaa, jivu linaweza kuwa tani 10, linaweza kupita 30, kutegemea yalikochimbwa. Sehemu kubwa ni unga mwepesi kama poda, unaonaswa kwenye vichujio vya bomba la moshi. Sehemu nyingine ni zito, linaanguka chini ya tanuri.

Hatutaki kumtisha mtu. Jivu hili hutumika kutengeneza saruji na matofali, na ukilishika mkononi hutaanguka ukafa. Taabu inaanza likiwa tani laki kadhaa kila mwaka, limerundikwa mahali pamoja, mvua inanyesha juu yake. Maji yakipita kwenye rundo hilo yanabeba yale madini na kwenda nayo chini, kwenye maji tunayochota. Ndiyo maana linatakiwa shimo lililotandikwa udongo mfinyanzi na karatasi nzito ya plastiki chini, mifereji ya kukusanya majitaka, na visima vya kupimia pembeni. Shimo la namna hiyo ni ghali. Shimo bila hayo ni rahisi sana, na historia ya jambo hili ni ya watu waliochagua lililo rahisi.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko wamelichoma kwa miaka mingi na hesabu zao ziko wazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, mahali panapoitwa Kingston, jimbo la Tennessee, ukingo wa bwawa la jivu la kituo cha umeme ulipasuka. Kituo ni cha shirika la umma, la serikali kuu, si la mfanyabiashara wa mtaani. Lita zaidi ya bilioni 4 za tope la jivu zikamwagika mtoni na kwenye makazi. Hakuna aliyekufa usiku ule. Lakini wafanyakazi waliolizoa walikuja kushtaki kwamba walifanya kazi bila kinga ya vumbi na wakaugua, na wenzao kadhaa wamekufa. Mwaka 2018 mahakama ya Knoxville ilikubali kwamba kampuni iliyowasimamia haikutimiza wajibu wake, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2023. Wengine hawakuishi kuyaona maelewano hayo.

Je, lile jivu lilikwenda wapi? Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye sisi.

Lilipakiwa kwenye mabehewa ya treni, tani zipatazo milioni 4, kati ya 2009 na 2010, likasafirishwa karibu kilomita 500 hadi kaunti ya Perry, jimbo la Alabama, kwenye jaa la Arrowhead nje ya mji mdogo wa Uniontown. Kingston ni eneo la Wazungu kwa wingi. Uniontown wakazi wake karibu wote ni Weusi, na kaunti ni miongoni mwa zilizo maskini kabisa katika jimbo hilo. Jivu lilipokuwa mtoni kule Tennessee lilisafishwa chini ya sheria ya maeneo yaliyochafuliwa. Lilipopanda treni likawa taka ya kawaida tu. Lilikuwa jivu lilelile. Kilichobadilika ni anwani.

Wakazi walilalamika harufu, vumbi, na makaburi ya wazee wao yaliyo jirani na lile rundo. Walipokea majibu ambayo mtu wa hapa atayatambua: kwamba jaa lina kibali, kwamba limejengwa kwa viwango, kwamba kaunti yenyewe ilikubali. Na kweli viongozi wa kaunti walikubali, kwa sababu kaunti ililipwa ada. Kiasi gani? Kama dola moja kwa kila tani.

Mwenzenu nina diploma ya uhasibu, na ofisi hii haiwezi kuona tarakimu ikapita bila kuisimamisha. Kusafisha Kingston kuligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Tani milioni 4 kwa dola moja moja ni kama dola milioni 4. Maana yake, kwa kila dola 1,000 zilizotumika kwenye mkasa ule, kaunti iliyopewa jivu kukaa nalo maisha ilipata dola zisizozidi 4. Hizo zilijenga vitu, hatukatai. Kaunti yenye njaa ikipewa dola milioni 4 inashukuru. Lakini tajiri halipi umeme wala hanunui mashua kwa bei hiyo. Bei ile ilikuwa ya kumnunua asiyeweza kukataa.

Mwaka 2013 wakazi wa Uniontown walipeleka malalamiko serikali kuu kwamba haki zao za kiraia zimevunjwa. Walikaa wakingoja miaka mitano. Mwaka 2018 wakaambiwa ushahidi hautoshi. Katikati, mwaka 2016, wenye jaa waliwashtaki wakazi wanne kwa kuwachafulia jina, wakidai dola milioni 30, kwa sababu ya maneno waliyoandika mtandaoni na kusema hadharani. Dola milioni 30 kwa watu ambao wengine hawakuwa na mshahara wa maana. Wanasheria wa haki za raia waliwasimamia na kesi ikafutwa mwaka 2017 bila wao kulipa. Tunataja hili ili kila msimamizi wa kikundi chetu cha simu ajue: ukiandika jambo, liwe na ushahidi. Andika ulichokiona, tarehe, mahali. Matusi tuyaache. Hayatusaidii, na siku ya kesi yanasomwa kwa sauti.

Mnaweza kusema hao walikuwa na bahati mbaya. Tuangalie basi hesabu ya nchi nzima. Mpaka mwaka 2015 Marekani haikuwa na kanuni moja ya kitaifa kuhusu jivu hili. Kanuni ilipokuja iliwalazimisha wenye vituo kupima maji ya chini ya ardhi na kuyaweka matokeo hadharani. Mwaka 2019 mashirika mawili ya mazingira yaliyapitia matokeo hayo, yaliyotolewa na kampuni zenyewe. Vituo 242 kati ya 265 vilionyesha maji ya chini yenye uchafu kupita kiwango salama. Hiyo ni asilimia 91. Mkaguzi akikuta asilimia 91 ya vitabu vina kasoro, hasemi kwamba makarani wachache walizembea.

Kisha kuna Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ambacho kwa maoni yetu kinatufaa kuliko hao wengine, kwa sababu ni watu wa pwani kama sisi, wana joto kama letu na mvua za ghafla. Kituo cha makaa cha Guayama kilianza kazi mwaka 2002. Jivu lake lilitumika kama kifusi cha barabara na viwanja vya nyumba, jingine likapelekwa nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika, baadaye likaanza kupelekwa jaa la Peñuelas. Watu wa Peñuelas walipiga kambi kandokando ya barabara ya kwenda jaa. Malori yalisindikizwa na polisi. Novemba 2016 walikamatwa watu kadhaa, wakatoka, wakarudi barabarani. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria yenye mianya. Hawakuondoka. Januari 2020 ikaja sheria inayokataza kutupa jivu hilo kisiwani kabisa.

Ushindi mkubwa huo. Lakini hatuwezi kuwaficha kilichoendelea pembeni, kwa sababu huu si mkutano wa kampeni. Kituo kiliendelea kuchoma makaa. Jivu likaendelea kutoka. Mwaka 2019, huku mlango wa kisiwani ukizidi kubana, malundo yake yalikutwa yanateremshwa katika kaunti ya Osceola, jimbo la Florida, ambako kaunti ilikubali kulipwa dola 2 kwa tani. Wananchi wa huko walipojua wakawaka moto na mpango ukakatishwa mwaka huohuo. Mnaiona njia yenyewe? Tennessee kwenda Alabama. Puerto Rico kwenda Florida. Kila mtu akilikataa mlangoni kwake, linapelekwa kwa jirani aliyelala. Jivu likishatoka tanurini halipotei. Kwa hiyo msimamo ambao ofisi inauleta kwenu hauishii kwenye kusema lisirundikwe hapa. Tunasema swali la jivu liulizwe kabla tanuri halijajengwa, maana baada ya hapo tunabishana tu ni nani kati yetu atalala nalo.

Sasa nyumbani.

Wote mnajua habari ya Kwasasi, kando ya ghuba ya Manda: kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, makaa ya kuletwa kwa meli kutoka nje mwanzoni, na rundo la jivu palepale ufuoni. Kibali cha NEMA kilitoka Septemba 2016. Save Lamu na wakazi wenzao wakakata rufaa mbele ya jopo la mazingira, na jivu lilikuwa moja ya hoja zilizobishaniwa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta kibali. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kanuni zilitaka mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, wapewe maelezo ya utafiti wakiwa wanaweza kuyaelewa na kuyapinga. Mikutano ya kutambulishwa mradi, kabla utafiti haujakamilika, haikuhesabika. Mwaka uliofuata benki kubwa ya Uchina iliyotarajiwa kutoa fedha ikajiondoa. Kampuni ikakata rufaa Malindi, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaikataa.

Baadhi yenu mlituma emoji za kushangilia na kusema shauri limekwisha. Ofisi haikubaliani. Kibali kilichofutwa kwa sababu ya utaratibu kinaweza kuombwa tena kwa utaratibu mzuri zaidi, na mtu yeyote, kampuni ileile au nyingine, ana haki ya kuandika utafiti mpya. Safari hiyo mikutano itakuwa mitatu, pengine sita, yenye mahema, soda na orodha ya mahudhurio.

Na hapo kwenye orodha ya mahudhurio tuna la kukiri. Miaka michache nyuma kulikuwa na mkutano wa jambo jingine kabisa, halikuhusu makaa, na hatutataja uliitwa na nani. Tawi letu lilileta watu. Tuliambiwa tujaze majina, namba za vitambulisho na sahihi. Tukajaza, karatasi tatu, zenye nafasi tupu juu pasipo kichwa. Baadaye tuliziona karatasi zilezile zimebandikwa nyuma ya barua iliyosema wananchi wameridhia. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya katibu wenu. Mtu aliyesomea uhasibu, anayejua kwamba hutii sahihi hundi isiyoandikwa, alitia sahihi karatasi isiyo na kichwa kwa sababu jua lilikuwa kali na watu walitaka kurudi nyumbani. Kamati imetusamehe. Sisi wenyewe bado.

Kuhusu kazi. Vijana wa bodaboda na wale waliomaliza chuo cha ufundi walisema Jumamosi, na walisema kwa uchungu, kwamba wazee wenye mashua na mashamba wanapinga kila kitu huku wao wanakaa vijiweni. Hoja hiyo ni ya haki na hatutaizima. Umeme tunauhitaji. Vibarua tunavihitaji. Mtu wa Hindi au Mpeketoni mwenye mtoto aliyesomea ufundi umeme haoni kama mvuvi wa Kizingitini anavyoona, na tawi hili ni la wote wawili. Tunachoomba ni kwamba hesabu iandikwe pande zote mbili za daftari. Mkataba wa kuuza umeme uliozungumzwa ulikuwa wa miaka 25. Kule Marekani kanuni inamtaka mwenye jaa aliangalie na kupima maji kwa miaka 30 baada ya kulifunga. Basi mwaka wa 26 ukifika, mitambo imezimwa, vibarua wameachishwa, mwekezaji ameondoka, rundo liko ufuoni. Nani ameandikwa kwenye vitabu kama mdaiwa? Kama hakuna jina kwenye mstari huo, jina ni letu. Kijana mwenye miaka 20 leo atakuwa na 45 siku hiyo, yaani umri wetu sisi tunaozungumza, na atakuwa na watoto wanaokunywa maji ya hapa.

Na maji ya hapa ni ya namna gani? Watu wa Ndau, Kiwayu na sehemu za Pate wanategemea jabia. Jabia inapokea kila kinachoangukia sakafu yake ya kukusanyia mvua, pamoja na vumbi lililoletwa na upepo. Upepo wetu hauna mipaka ya kata, kusi na kaskazi mnazijua kuliko ofisi. Samaki na kaa wanazaliana kwenye mikoko ambayo maji ya bahari huingia na kutoka kila siku. Wavuvi mnakumbuka kesi ya bandari: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kabla ya senti moja kutoka, swali lilikuwa ni nani mvuvi, na ana ushahidi gani.

Ndiyo maana tunataka daftari la visima.

Kwa lugha rahisi: kila kisima na kila jabia katika eneo la tawi iandikwe. Iko wapi, ina kina gani, nyumba ngapi zinachota, maji yana chumvi au hayana, yanakauka mwezi gani. Picha ipigwe ikiwa na tarehe. Tukiweza, tuchange sampuli chache zipimwe maabara kwa aseniki, risasi na boroni sasa hivi, wakati hakuna jivu lolote. Uniontown na kwingineko watu walipolalamika maji yameharibika waliulizwa: yalikuwaje kabla? Wengi hawakuwa na jibu lenye karatasi. Salio la kufungulia lisipoandikwa, mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema kilichopungua ni kiasi gani. Kazi hii haimpingi mtu na haihitaji kibali cha mtu. Hata kituo kisijengwe milele, daftari litatufaa siku ya kuomba maji ya kaunti.

Mkutano uliyapokea haya kwa mkono, wa ndiyo 41, wa hapana 9, na wanne hawakuinua. Wale tisa majina yao hayatasambazwa, na tunaomba mtu asiwasimange barabarani. Ikaazimiwa kwamba tawi litaandika barua kwa uongozi wa chama wa kaunti, likisema tunapinga rundo lolote la jivu la makaa ya mawe ufuoni au karibu na maji ya kunywa, na kwamba mwakilishi wetu wadini aulizwe msimamo wake kwa maandishi. Tunafahamu kuna wakubwa wetu chamani ambao wanaupenda mradi. Barua itakwenda kwa adabu, lakini itakwenda. Vilevile hakuna mwanachama atakayetia sahihi orodha ya mahudhurio isiyo na kichwa, tarehe na ajenda. Ukikuta haina, andika wewe mwenyewe juu kabisa kwa kalamu: "Nimehudhuria tu, sijakubali." Na kibali chochote kikitolewa, siku ya kukata rufaa kwenye jopo inahesabiwa, ni siku 60. Atakayeona tangazo gazetini au ukutani kwa chifu apige picha alete ofisini siku hiyohiyo, asingoje mkutano.

Fomu za daftari ziko kwa Mweka Hazina, nakala 200, zimelipwa kwa ada zenu na risiti ipo kwa anayetaka kuiona. Mama zetu wa kikundi cha makuti wamejitolea kuanza na visima vya bara. Tunahitaji mwenye mashua wawili wa kuwapeleka wengine Pate na Ndau, mafuta tutagawana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Alasiri, palepale. Anayeazima viti avirudishe kabla ya Magharibi.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.